Saa Kumi Hospitalini, Dakika 22 za Matibabu

Shangazi ana miaka 71, ana sukari na presha, na kila baada ya miezi mitatu huenda kliniki katika hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Sitaitaja hospitali hiyo. Nilichokiona humo ungekiona pia katika jirani yake, na isitoshe Shangazi bado anaihitaji. Kwa miaka mingi alikuwa akisindikizwa na binti yake. Binti alipopata kazi Doha, zamu ikaniangukia mimi.

Sababu ya kuniangukia nayo ni sehemu ya kisa. Nina duka la mapazia na mashuka orofa ya kwanza ya jengo la maduka lililokufa. Halina cheti cha kifo, taa bado zinawaka kwenye korido, lakini limekufa. Ni la ile miaka ambayo kila mwenye kiwanja kando ya barabara kubwa alikuwa akiota moli: barabara ya Thika ilipomalizwa kupanuliwa mwaka 2012, Thika Road Mall ikafunguliwa 2013, Garden City 2015, Two Rivers kule Limuru Road 2017. Nasi wenye maduka madogo tukaingia kwa mbio, tukilipa kodi ya kukaa karibu na supamaketi. Maana duka dogo ndani ya moli halina wateja wake. Huokota wa supamaketi wanapopita na mifuko. Kisha supamaketi zenyewe zikaanza kuanguka mjini. Uchumi, iliyokuwapo tangu 1975, ikayumba, Nakumatt ikazikwa rasmi mwanzoni mwa 2020, Tuskys nayo ikafuata njia hiyo. Yetu ilipofunga, vioo vyake vilibandikwa makaratasi ya kahawia kwa mwaka mzima. Siku hizi mahali pale ni kanisa Jumapili na giza Jumatatu hadi Jumamosi. Ngazi za umeme zilizimwa ili kuokoa stima, zikawa ngazi za kawaida zenye meno.

Kwa hiyo ukoo ulipouliza nani ana nafasi Jumanne, hakukuwa na mjadala. Mtu anayeweza kukaa hadi adhuhuri bila kuulizwa bei ya shuka hana pa kujificha. Na kwa kuwa kazi yangu siku hizi ni kuhesabu watu wasiokuja, nilibeba daftari na kalamu. Takwimu zote za siku hiyo zimetoka humo.

Kuna jambo moja la kuongeza kabla hatujaingia langoni. Chini ya duka langu, palipokuwa na duka la viatu, sasa kuna kliniki binafsi. Ukiwa na shilingi 2,500 daktari anakuona kabla hujamaliza kusoma bango la ukutani. Nilimweleza Shangazi. Akaniambia, "Baba, hiyo ni unga na mafuta ya mwezi mzima, na bado dawa hajanipa." Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babake, na akiniita hivyo najua mazungumzo yamekwisha.

Ilikuwa Februari 2025. Tuliamka saa kumi na robo, tukapanda matatu mbili, tukafika langoni saa 11:50 alfajiri. Kitabu chake cha kliniki, daftari la kawaida la wanafunzi lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda, kilikuwa na mhuri wa tarehe na saa: saa moja asubuhi. Nilidhani tumewahi kwa zaidi ya saa nzima. Tulipoingia, watu watatu walikuwa wameshaketi.

Mezani, nje ya chumba cha kliniki, palikuwa na karai dogo la plastiki la buluu, lile la kuoshea vyombo. Desturi ni kwamba ukifika unaweka kitabu chako ndani ya karai, unakaa, unangoja kuitwa. Nikaweka cha Shangazi juu ya vile vitatu. Wa nne. Nikamwambia, "Leo tutatoka mapema." Hakunijibu.

Watu waliendelea kufika, na kila aliyefika aliweka kitabu chake juu ya vilivyokuwapo. Kufikia saa moja rundo lilikuwa limepita ukingo wa karai. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa kofia ya sufi, bakora katikati ya magoti, kitabu chake mkononi. Alikuwa amefika kabla ya watu wengi, lakini hakuinuka. Ilipofika saa 1:20 alisimama polepole, akaweka kitabu chake juu kabisa, akarudi kukaa. Nilimwangalia nikidhani amejisahau. Akaniambia, "Kijana, hilo karai si foleni. Ni kama sufuria ya ugali. Ukoko ndio hutangulia kugusa moto, lakini huliwa mwisho."

Saa 1:30 sista akafika, akalibeba rundo zima kama lilivyo hadi mezani pake, akaanza kuita kutoka juu. Nilihesabu vitabu vilivyobebwa: 34. Aliyefika wa kwanza akawa wa 34. Shangazi, wa nne kufika, akawa wa 31. Mzee wa bakora aliitwa wa pili.

Mama mmoja aliyekuwa amefika nyuma ya yule wa kwanza aliinuka, akaenda mezani, akalishika rundo akalipindua. Nilitaka kupiga makofi. Lakini tafakari hesabu ya ukumbi ule: waliofika mwisho walikuwa wengi kuliko waliofika mwanzo. Kelele zikapigwa, rundo likapinduliwa tena, na mambo yakaendelea kama kura iliyopita. Baadaye nilimuuliza sista kwa upole kwa nini asiligeuze mwenyewe kabla ya kuanza. Hakukasirika. Alisema, "Mimi nachukua kilicho juu. Nikianza kupanga, mtaniambia napendelea." Yuko peke yake na wanafunzi wawili wa uuguzi, na siku ya kliniki huona watu zaidi ya 60. Sikuwa na jibu la haraka.

Tuliitwa saa 3:03. Kama foleni ingekuwa foleni, tungeitwa kabla ya saa 1:45. Kasoro hiyo pekee ilitula zaidi ya saa moja na robo, na haina uhusiano wowote na uhaba wa madaktari, wala bajeti, wala serikali ya kaunti. Ni mkono wa mtu mmoja na karai.

Kuitwa hakukuwa kuingia kwa daktari. Kulikuwa kutumwa dirishani. Karani alitaka kwanza kuona usajili wa SHA. Hii ndiyo mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, na watu wazima wa umri wa Shangazi bado wanaiita NHIF, jina walilolizoea tangu 1966. Alikuwa amesajiliwa, lakini binti yake ndiye aliyemsajili, kwa kubonyeza *147# kwenye simu yake mwenyewe, kwa kuwa simu ya Shangazi siku ile haikuwa na chaji. Basi karani alipobofya, namba ya siri ya uthibitisho ikaenda Doha.

Doha na Nairobi saa zao ni moja, ila binamu yangu alikuwa zamu na simu iko kabatini. Nilituma ujumbe, nikapiga, nikatuma tena. Nyuma yangu foleni ilikuwa inakohoa. Namba ilipokuja ilikuwa imekwisha muda, ikaombwa nyingine. Na baada ya yote hayo karani akaniambia kwamba kwa kliniki ya siku hiyo tutalipa wenyewe, usajili ulihitajika tu uonekane kwenye sistimu. Nilipojaribu kumpa noti, akatikisa kichwa: malipo ni kwa simu, pesa mkononi hawapokei. Shilingi 200. Tulitoka dirishani na stakabadhi zetu, na kuingia kwa vipimo ilikuwa saa 3:50.

Hapo Shangazi alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu saa mbili usiku wa jana yake, kwa sababu sukari hupimwa mtu akiwa na njaa. Karibu saa 14. Mkono ulikuwa baridi. Mwanafunzi wa uuguzi alimtoboa kidole, akampima uzito, akamfunga mkono mashine ya presha: 178 kwa 96. "Shosho, umekasirika?" akamuuliza. Shangazi akasema hajakasirika, ana njaa.

Sasa anaruhusiwa kula, nikatoka kumtafutia chakula. Ningependa mtu anayepanga kliniki za kisukari asimame siku moja nje ya lango kama lile saa nne asubuhi. Kuna mandazi. Kuna chai iliyotiwa sukari tangu jikoni. Kuna soda za baridi, biskuti na soseji za kukaanga zenye kachumbari. Biashara yote ya langoni imepangwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka na afya njema, na wateja wake ni wagonjwa wa sukari waliofunga tangu usiku. Nilitembea hadi steji ndipo nikapata mama anayeuza nduma na mayai ya kuchemsha. Niliporudi nikihema, Shangazi alikuwa ameshapewa nusu andazi na jirani yake kwenye benchi, amelila lote, na ananitazama kwa macho ya mtoto.

Huyo jirani ndiye sehemu ya kisa iliyonishika zaidi. Mama wa miaka 65 hivi, ametoka Kariobangi, amekuja peke yake. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa asubuhi, kwa hiyo kwenye rundo akawa wa mwisho. Alikuwa na mfuko mmoja na hakuthubutu kuuacha kitini, wala hakuthubutu kukiacha kiti. Aliponiona nazungukazunguka aliniita: "Mwanangu, nikienda msalani utanisikilizia jina?" Maana majina huitwa mara moja, kwa sauti ya kawaida, katika korido yenye watoto, simu na troli za magurudumu mabovu. Usipoitika, kitabu chako kinawekwa chini ya rundo. Kule kule kwenye ukoko.

Kwa daktari tuliingia saa 5:35. Vyumba ni viwili, kimoja kilikuwa kimefungwa, na daktari wa chumba cha pili alianza kazi baada ya kuzungukia wodi. Sitamlaumu hata kidogo. Alikuwa kijana, macho mekundu, na dakika saba alizotupa zilikuwa dakika saba kamili: alisoma kitabu, akatazama miguu ya Shangazi vidole kwa vidole, akaona 178 akakunja uso. "Ulipumzika kabla ya kupimwa?" Shangazi akamjibu, "Daktari, nimepumzika hapa tangu saa kumi na mbili." Akacheka, akampima upya mwenyewe. Ikaja 162. Bado juu, lakini tofauti ni 16, na daktari aliamua asiongeze dawa mpaka Shangazi apimwe mara kadhaa kwenye zahanati ya karibu na nyumbani. Nimeifikiria sana ile 16. Kama daktari angekuwa na haraka zaidi kidogo, foleni ingeingia kwenye faili kama ugonjwa, na Shangazi angeenda nyumbani na kidonge cha kutibu benchi.

Halafu maabara: kipimo cha figo, na kile cha sukari kinachoonyesha hali ya miezi mitatu iliyopita. Kwanza dirishani tena, dakika 28. Kisha kwenye maabara tukaambiwa cha figo kipo, cha sukari vitendanishi vimekwisha, "nendeni hapo nje." Hapo nje ni kontena lililopakwa rangi nyeupe, ng'ambo ya barabara, shilingi 1,800. Nilimvusha Shangazi barabara, nikamrudisha, tukangoja majibu ya pande zote mbili hadi saa 8:20. Daktari alikuwa ameitwa wodini. Tulimwona tena saa 9:20, dakika nne. Famasi: dawa ya sukari ipo, ya presha haipo. Dirishani mara ya tatu. Duka la dawa nje. Lango, saa 10:15 jioni.

Usiku ule nilijumlisha. Kuanzia langoni hadi langoni ni dakika 625. Ambazo mhudumu wa afya alikuwa anamhudumia Shangazi kwa mikono, macho au maneno: vipimo 6, daktari 7, kutolewa damu 3, daktari tena 4, famasi 2. Jumla 22. Kungoja daktari, mara zote mbili, kulichukua dakika 159. Zilizobaki, 444, zaidi ya saa saba, hazikuwa za kungoja daktari. Zilikuwa za kungoja lango, karai, namba kutoka Doha, dirisha, majibu na dirisha tena.

Natilia mkazo mgawanyo huu kwa sababu mjini tuna jibu moja kwa kila foleni ya hospitali: madaktari hawatoshi. Ni kweli, hawatoshi, na wale waliopo wana malalamiko yao. Hatujasahau mgomo wa siku 100 uliokwisha Machi 2017, wala ule wa 2024 ulioanza Machi ukaisha Mei. Daktari wa pili katika kile chumba kilichofungwa angetuokolea pengine saa moja na nusu. Lakini ukituletea madaktari kumi kesho, karai litabaki karai, na dirisha litabaki dirisha.

Dirisha lenyewe lina historia. Hospitali za serikali zilianza kuwadai wagonjwa ada mwishoni mwa 1989, chini ya mpango wa kuchangia gharama, ukasitishwa, ukarudishwa. Mwaka 2013 ada zikaondolewa katika zahanati na vituo vya afya, si katika hospitali. Mwaka huohuo afya ikakabidhiwa kaunti. Kisha sheria ya mwaka 2023 ikaruhusu hospitali zibaki na mapato zinayokusanya, na kwa kweli ni sheria nzuri, kwa kuwa kabla yake pesa zilikuwa zikienda kwenye mfuko wa kaunti na kurudi zikiwa zimechoka au zisirudi. Lakini hospitali inayokula inachokusanya haiwezi kumruhusu mtu apige hatua bila stakabadhi. Kila idara inataka kuona karatasi yake. Ndiyo maana tulilipa mara tatu katika foleni ileile, kwa karani yuleyule, ambaye mara ya tatu aliniuliza, "Bado mko?"

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo daftari lilinionyesha bila mimi kulitafuta. Nilikuwa nimeandika pia kila mara tulipoinuka. Shangazi aliinuka kitini mara saba siku nzima. Mimi niliinuka mara 19. Kulipa, kurudisha stakabadhi, kununua chakula, kupiga simu mahali penye mtandao, kuuliza kama majibu yametoka, kuuliza tena, kutoa nakala ya kitambulisho, kukimbilia duka la dawa. Hakuna hata safari moja kati ya hizo iliyokuwa ya hiari, na hakuna hata moja ambayo mwanamke wa miaka 71 mwenye miguu ya kisukari angeifanya bila kupoteza nafasi yake kwenye benchi. Hospitali inaendeshwa kwa dhana kwamba kila mgonjwa amekuja na mtu. Sijaona ikiandikwa popote, haimo kwenye lile bango kubwa la haki za mgonjwa pale mlangoni, lakini ndiyo nguzo ya mpangilio mzima. Mimi nilikuwa tarishi wa hospitali kwa siku moja, bila mshahara na bila beji. Walikuwapo wenzangu wengi: mabinti walioomba ruhusa kazini, wajukuu ambao hawakwenda shule, jirani aliyeacha kibanda chake cha mboga.

Yule mama wa Kariobangi hakuwa na tarishi. Nilimlipia bili ya maabara kwa simu, naye akanirudishia kwa noti zilizokunjwa ndani ya leso. Nilimsikilizia jina mara mbili. Tulipokuwa tunatoka saa 10:15, alikuwa bado kwenye benchi la maabara, mfuko mapajani, akisubiri majibu ya kupeleka kwa daktari ambaye sikuwa na hakika kama bado yumo. Ugonjwa wake na wa Shangazi ni mmoja, na daktari wao ni mmoja. Kilichowatofautisha ni miguu yangu.

Gharama, kwa wanaopenda kujua: nauli ya watu wawili 480, daktari 200, kipimo cha figo 600, kipimo cha nje 1,800, dawa ndani 150, dawa nje 420, chakula 310. Shilingi 3,960. Ukiilinganisha na ile 2,500 ya chini ya duka langu utaanza kukuna kichwa, nami nilikuna, mpaka nikakumbuka kwamba ile ni ya kuonana na daktari tu. Vipimo na dawa ni bei nyingine. Siku yangu sikuihesabu. Kwa mtu wa kibarua, hiyo ndiyo ingekuwa gharama kubwa kuliko zote isipokuwa kipimo cha nje.

Siku ile, kabla ya kuaga, nilimwomba daktari jambo moja: kwa kuwa anajua tayari vipimo atakavyovitaka baada ya miezi mitatu, aviandike leo. Alinitazama, akasema hajawahi kuombwa, akaandika. Ni maombi ya dakika moja. Wagonjwa wa sukari na presha si watu wa ajali. Maradhi yao yanajulikana, vipimo vyao vinajulikana, na karatasi ile ingeweza kutolewa kwa kila mmoja wao anapoondoka, aje nayo ikiwa na majibu.

Mei tulirudi tukiwa watu wengine. Usajili wa SHA ulikuwa umehamishiwa namba ya Shangazi mwenyewe, na simu imechajiwa. Vipimo tulifanya Ijumaa iliyotangulia. Nilikuwa na mayai mawili na nduma kwenye kopo. Tulifika saa 1:10, tukakaa, na saa 1:20 nikainuka polepole nikaweka kitabu juu ya rundo. Mzee wa bakora alikuwa mahali pake palepale. Alinyanyua kofia kidogo, kama mtu anayemsalimia mhitimu. Tuliitwa wa tatu, tukamaliza saa 7:20 mchana.

Sikujisikia vizuri kama nilivyotarajia. Foleni haikuwa imefupika kwa dakika hata moja. Sisi ndio tulikuwa tumejifunza kuipita. Chini ya rundo lile kulikuwa na kitabu cha mtu aliyeamka saa tisa usiku, na kila mjanja aliyejifunza la mzee anamshusha mtu huyo hatua moja. Mama wa Kariobangi sikumwona. Huenda kliniki yake ilihamishwa siku nyingine.

Kabla ya kuondoka nilienda kwa sista atupe tarehe ya Agosti. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa umeanza kutulia, nilijaribu bahati yangu. Nikamwambia kwamba daktari huanza kuona watu saa nne hivi, na wote mnawaita saa moja. Je, hamwezi kuwapa baadhi saa moja, wengine saa tatu, wengine saa tano? Shangazi yeye apewe saa tatu, anatoka mbali. Sista aliniambia kwamba hata akiwaandikia saa tano watakuja alfajiri, hawamwamini mtu. Nikamwambia ajaribu na sisi. Akakubali. Akafungua kitabu, akavuta kidau cha wino, akageuza vigurudumu vya tarehe kwenye mhuri, akagonga. Nikainama kusoma: tarehe ya Agosti, na chini yake, saa moja asubuhi.

"Sista, si tumesema saa tatu?"

Aliugeuza mhuri akanionyesha chini yake. Tarehe inazungushwa kwa vigurudumu. Saa imechongwa kwenye mpira.

"Ndivyo ulivyokuja," akasema, akamwita anayefuata.